Tarehe 5 ya mwezi: data za dispensari zinapotelea wapi, na kwa nini semina hazizirudishi

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi dispensari anaujua usiku wa tarehe 4. Mgonjwa wa mwisho ameenda, huko Ahero maduka yamefungwa, stima imepotea kama kawaida, na sista msimamizi ameketi kwa benchi la wagonjwa, tochi ya simu ameibana kwa kidevu, rejista nne mbele yake, anahesabu vijiti. Vinne na mkato, vinne na mkato. Kesho ni tarehe 5 na ripoti inatakiwa iwe imefika ofisi ya kaunti ndogo, sasa akiwa amefika 37 simu inalia, kuna mama analetwa na boda na uchungu umeshika. Anarudi kwa hiyo benchi saa sita usiku. Alikuwa 37 ama 47?

Mimi ni mtu wa rekodi, na hiyo 37 ama 47 ndiyo imenilisha miaka mingi. Nimeziingiza hizo namba kwa mfumo, nimezipinga, nimezirudisha, na siku hizi naitwa kusaidia kufundisha manesi na maclinical, wale matabibu wa vituo, wa upande huu wa Kisumu na kaunti jirani venye wataboresha data zao na kuzitumia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Huku kwetu madaftari yako, yamejaa kabati hadi mengine yako chini ya kitanda cha kuzalishia, na mali bado inapotea. Kwa hivyo kuna kitu hatujakielewa vizuri, na nataka tukifungue polepole juu ata watu wa afya wenyewe wengi hawakioni chote kwa pamoja, kila mtu anaona kipande chake.

Tuchukue mtoto mmoja wa wiki 6 ameletwa Penta ya kwanza, ile chanjo ya magonjwa matano kwa sindano moja. Sista anamdunga, anaandika kwa kijitabu cha mama na mtoto, anaandika kwa rejista ya chanjo ambayo ni MOH 510, alafu anapiga kijiti kimoja kwa karatasi ya tali, MOH 702. Mwezi ukiisha vijiti vinajumlishwa na jumla inaingia kwa fomu ya muhtasari, MOH 710. Hiyo fomu inasafiri hadi kaunti ndogo, na huko mtu kama mimi anaiingiza kwa KHIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya za nchi nzima, kabla ya tarehe 15. Sindano moja, imeandikwa mara tano, na kila mara ni mkono wa mtu aliyechoka. Na hiyo ni chanjo tu. Wagonjwa wa kawaida wana fomu zao, 705A ya watoto chini ya miaka 5 na 705B ya waliozidi hapo, kliniki ya wajawazito ina yake, maabara ina yake, HIV ina yake ndefu inaitwa 731, na kwa dispensari nyingi mikono inayoandika zote ni miwili ama minne.

KHIS yenyewe inaendeshwa na programu ya DHIS2, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini miaka ya tisini, ubaguzi wa rangi ulipoisha na nchi ikataka kujua hospitali zake zina nini, alafu Chuo Kikuu cha Oslo kikaendelea kuijenga, na sisi Kenya tukaisambaza nchi nzima 2011. Si kitu kibaya. Ukiwa na ruhusa unaifungua ukiwa Muhoroni na unaona ripoti ya Seme dakika hiyo hiyo. Lakini mfumo haujui kama 47 ilikuwa 37. Unapokea tu.

Sasa mtu atauliza, si kuna wale watu wa utafiti wanazunguka nyumba kwa nyumba? Wako, na ule utafiti mkubwa wa kitaifa wa afya na idadi ya watu ulifanyika 2014 alafu 2022. Ni mzuri sana, lakini hesabu miaka iliyo katikati, na unakupa picha ya kaunti, haukuambii chochote kuhusu dispensari yako na vijiji vyake. Data za kila siku ndizo zinaongea kila mwezi kwa kila kituo. Chanjo zinaagizwa kwa kuangalia hizo, dawa zinagawanywa kwa kuangalia hizo, ata ukitaka kubishana na kaunti ikupee nesi wa pili unaenda na hizo, ukikosa unaenda na machozi.

Tuingie kwa makosa yenyewe, na nitakaa hapa kidogo juu ndipo watu wanafikiria shida ni uvivu. Mara chache sana ni uvivu.

Kosa la kwanza ni la sifuri. Kisanduku kikiwa tupu kinamaanisha nini? Kwa sista kinamaanisha hatukuwa na mgonjwa wa hivyo. Kwa mimi ninayeingiza kinaweza kumaanisha amesahau, ama ukurasa wa tali umepotea, ama huduma haikutolewa kabisa juu vifaa vilikuwa vimeisha. Hizo ni hadithi tofauti kabisa na zote zinafanana, kisanduku cheupe. Nimeona kituo kimekaa miezi bila kuripoti kuhara kwa watoto, na hii ni ukanda wa Kano ambapo mvua ikinyesha mafuriko yanaingia hadi kwa vyoo, nikajua tu hapo hakuna muujiza, kuna karatasi imepotea.

La pili ni maana ya maneno. Fomu ya wajawazito inauliza waliokuja mara ya kwanza na waliofika mara ya nne. Sista mmoja anahesabu mara ya nne kama ziara ya nne yenyewe. Mwingine anaweka kila mama aliyerudi, ata kama ni mara ya sita. Mwingine akimwona mama anakuja mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi nane anaona aibu kumwandika wa kwanza, anamwandika mahali pengine. Wote watatu ni wachapakazi. Wote watatu walifundishwa na watu tofauti, na yule wa tatu hakufundishwa, alirithi rejista na mazoea ya aliyekuwa hapo kabla yake.

La tatu ni malaria, na huku kwetu kando ya ziwa malaria ndiyo mkate wa kila siku. Tangu 2010 shirika la WHO linataka kila anayeshukiwa apimwe kabla ya dawa. Sasa ukichukua rejista ya wagonjwa unakuta, tuseme, malaria zilizothibitishwa ni 80. Unaenda maabara, mwenyewe anasema waliopatikana nayo ni 55. Unaenda kwa dirisha la dawa, AL, ile dawa ya malaria, imetolewa kwa watu 110. Namba tatu, mwezi mmoja, jengo moja, na hizo milango tatu zimetazamana! Nikifundisha napenda kuanzia hapo juu hakuna mtu anaweza kukimbia, unawaweka chini yule wa maabara, yule wa dawa na clinical, unaweka hizo namba tatu katikati na unanyamaza. Kawaida ukweli unatoka wenyewe: kuna siku vipimo viliisha na watu wakatibiwa kwa kuangaliwa tu, kuna wagonjwa waliopimwa malaria ikakosekana na wakapewa dawa bado juu mama alilia sana, na kuna wengine walichukua AL wapelekee ndugu nyumbani. Hapo hakuna namba iliyo ya uongo hasa, kila moja inasema kitu chake. Lakini ukipeleka 80 Nairobi bila kujua hayo umepeleka kelele.

Alafu kuna ile inayowachanganya ata mabosi, asilimia zaidi ya 100. Unaona kwa chati kituo kimechanja asilimia 133 ya watoto na watu wanacheka, wanasema hao wamepika namba. Pengine hawajapika. Asilimia inatoka kwa kugawanya, na ile namba ya chini, idadi ya watoto mnaotarajia, inakadiriwa kutoka kwa sensa ya 2019. Tuseme kituo kiliambiwa kina watoto 300 kwa mwaka. Tangu hapo ploti za mahindi zimejengwa nyumba za kukodisha, vijana wamehamia, watoto wanaokuja ni 400. Mia nne kwa mia tatu ni hiyo 133. Ongeza wale mama wa Vihiga wanaoteremka Kisumu juu ni karibu kuliko hospitali yao wenyewe, na wale wanaokuja kujifungulia kwa mama zao alafu wanarudi Nairobi na mtoto. Kituo cha mjini kinapita 100, cha kijijini kinakaa 60, na wote wanaitwa mkutano wajieleze kwa dhambi ambayo si yao.

Basi hiyo ndiyo hali. Na jibu letu kwa miaka yote limekuwa nini? Semina.

Naomba nisieleweke vibaya, mimi pia nimekula hizo semina. Naivasha, Nakuru mjini, hoteli zenye nyasi za kijani na ndege wa ziwani, siku tatu, chai ya saa nne na samosa, picha ya pamoja, tunarudi na mkoba. Siku ya kwanza anakuja mtu anafungua slaidi na kueleza umuhimu wa data, na ukumbi mzima unaitikia kwa kichwa. Siku ya pili tunaingia kwa mfumo, intaneti inakataa, tunaangalia picha za mfumo. Siku ya tatu ni maazimio. Wiki mbili baadaye ripoti ni zile zile.

Sababu ziko wazi ukiziangalia kwa ukaribu. Aliyeenda Naivasha ni msimamizi wa kituo, juu barua ilisema msimamizi na posho iko. Anayepiga vijiti kila siku ni nesi mdogo, ama mwanafunzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, yuko mazoezini, ama wakati mwingine dada wa usafi mwenye mwandiko mzuri, hilo tunajua na hatusemi. Ujuzi ukapanda matatu hadi kwa ofisi ya msimamizi ukashukia hapo. Pili, msimamizi mwenyewe anahamishwa. Tatu, na hii ndiyo inaniuma, semina nyingi zinamfundisha mtu kujaza na kutuma, hazimfundishi kuisoma hiyo namba akiwa pale pale. Mtu anapika miaka kumi na hajawahi kuonja, alafu tunashangaa chumvi haiko.

Nilianza kubadilisha vile ninafundisha kwa bahati tu. Kulikuwa na mafunzo, mashine ya slaidi ikachomeka, na wenyeji walikuwa wameambiwa waje na rejista zao, nikasema basi fungueni rejista, mwezi uliopita, kila mtu ahesabu tena Penta ya tatu akitumia kidole, alafu alinganishe na ile aliyoripoti. Hilo zoezi si langu, lina jina refu la kiofisi na watu wa rekodi wanalijua: unachukua uliyohesabu upya, unagawanya na iliyoripotiwa. Ukipata 1 uko sawa. Kati ya 0.9 na 1.1 unavumilika. Chini ya hapo uliripoti watoto ambao hawako, juu ya hapo uliwanyima watoto wako haki yao ya kuhesabiwa.

Sista mmoja wa makamo, mkimya, alihesabu mara mbili, alafu akaniita kwa mkono.

"Bwana rekodi, kuja uone. Hapa niko na 41."

"Na uliripoti ngapi, Sista?"

"Kumi na nne." Akavua miwani. "Yaani nimeandika kinyume. Na mulinipigia simu mkaniuliza mbona chanjo imeanguka, nikawaambia ni mvua."

Ukumbi ulicheka, yeye pia akacheka, lakini nilimwona akigeuza kurasa za miezi iliyotangulia bila kuambiwa. Mwalimu wake wa hiyo siku alikuwa hiyo 41 ya kwake. Slaidi zangu zote za miaka sijui mingapi hazijawahi kumfanya mtu ageuze ukurasa bila kuambiwa.

Tangu hapo sifundishi kwa namba za mfano. Kila mtu anakuja na rejista yake, na ikiwezekana hatuendi hoteli, tunaenda kituoni, tunakaa watatu wanne kwa ile benchi, masaa mawili, mwezi ujao tunarudi. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya pamoja. Haina posho pia, kwa hivyo si kila mtu anaipenda, wacha nisiwadanganye.

Na kuhesabu sawa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuuliza hiyo namba swali. Hapa kuna hesabu moja ambayo nikiambiwa nifundishe kitu kimoja tu alafu niende nyumbani, nitafundisha hiyo. Chukua waliopata Penta ya kwanza, toa waliopata ya tatu, gawanya na wale wa kwanza. Wa kwanza 60, wa tatu 45, wamepotea 15, hiyo ni asilimia 25. Ikipita 10 kuna shida. Uzuri wake ni kwamba haihitaji sensa, haijali kama ulikadiriwa watoto 300 ama 3,000, ni watoto wako mwenyewe waliofika mlangoni wiki ya 6 na hawakuonekana wiki ya 14. Na ikitoka hasi, yaani wa tatu ni wengi kuliko wa kwanza, usifurahi, rudi kwa rejista.

Kituo kimoja tulifanya hiyo hesabu tukaona Penta iko sawa, haipotezi watu. Lakini chanjo ya surua ya miezi 9 inapoteza vibaya sana. Sasa mbona watoto wale wale, mama wale wale? Tukakaa. Nesi akaeleza taratibu kama mtu anayekiri: chupa ya surua ni ya dozi 10, ukiifungua inabidi uimalize ndani ya masaa 6 ama umwage, na akimwaga nyingi anaulizwa. Kwa hivyo mama akija peke yake Jumatatu anaambiwa arudi Alhamisi watoto wakiwa wengi. Nikauliza Alhamisi kuna nini hapa. Kimya. Alafu yule nyamrerwa, ndivyo tunavyowaita wahudumu wa jamii huku, akasema kwa Kiluo kitu ambacho kiliwafanya wote waangaliane: Alhamisi ni siku ya soko. Mama anauza omena na nyanya, hawezi kuacha meza aje kupanga foleni.

Siku ya kuchanja surua ikahamishwa. Hakuna bajeti ilitumika, hakuna barua ya Nairobi, na wale waliokuwa wamepotea walitolewa kwa rejista jina kwa jina, orodha ikapewa nyamrerwa, akapanda baiskeli. Hiyo ndiyo maana ya kutumia data, na angalia venye haifanani kabisa na ile inayosemwa kwa slaidi. Pia angalia kwamba kutoka siku hiyo yule nesi hakuhitaji kusukumwa ajaze rejista vizuri. Alikuwa anaihitaji mwenyewe. Mimi naamini, na wenzangu wengine wanabishana na mimi hapa, kwamba tumekuwa tukisema kwanza data ziwe safi ndio zitumike, na huo mpangilio umegeuzwa. Zitumie zikiwa chafu hivyo hivyo, kwa jambo dogo lisiloua mtu, na mwenye kuzitumia ataanza kuzisafisha juu uchafu sasa unamwasha yeye.

Lakini kuna kitu kinaweza kuua haya yote kwa asubuhi moja, na ni bosi mwenye hasira. Nilikuwa kwa mkutano mmoja wa kupitia data, mahali sitataja, mkubwa akasimama na chati akauliza hiki kituo cha mwisho ni cha nani. Mwenyewe akasimama. Aliongeleshwa mbele ya watu arobaini hadi akakaa bila kujibu. Mwezi uliofuata ripoti za eneo lote zilikuja zimenyooka, hakuna anayeanguka, na nyingi zinaishia na sifuri ama tano. Namba za kweli haziishi hivyo karibu zote, za kweli zinachanganyika, 37 na 41 na 58. Ukifungua rejista na ukute kila mama ana presha 120/80 kurasa mbili mfululizo, na kila mtoto amezaliwa kilo 3 ama 3.5 kamili, jua hapo mashine ya presha iliharibika zamani ama mizani haiko, na mtu anaogopa kuandika haiko. Kwa hivyo ukifundisha manesi kuhesabu, na usimfundishe mkubwa wao jinsi ya kuuliza "kwani ilikuwa aje?" bila kugonga meza, umefundisha watu kupika kwa ustadi zaidi.

Mtu mwingine ataniambia mbona tusiweke kompyuta tumalize. Tumeweka! Na historia yake iko hapa hapa magharibi, watu wengi hawajui. Kule Mosoriot, Nandi, kituo cha afya cha kijijini, 2001 walianza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, na kutoka kwa huo ushirikiano, ambao ndio ukaitwa AMPATH, kukatokea OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa ambayo sai inatumika nchi nyingi, na KenyaEMR ya kliniki zetu za HIV imejengwa juu yake. Mwaka wa 2023 wahudumu wa jamii karibu 100,000 wakapewa simu za kuandikia. Hapo sawa. Lakini kwa vituo vingi kompyuta haikuja kuondoa karatasi, ilikuja kukaa kando yake, sasa nesi anaandika kwa rejista alafu jioni anaandika tena kwa skrini. Na kuna lile somo la mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada. Kliniki nyingi za HIV zilikuwa na makarani wa data wanaolipwa na miradi, wakapelekwa nyumbani, na ghafla unakuta nesi anaangalia skrini ambayo kwa miaka yote aliyeijua ni karani. Mafunzo yalikuwa yametolewa, tena mengi. Yalitolewa kwa kiti cha kukodishwa.

Kuna jambo la siri pia ambalo nalitaja haraka juu linasahaulika kwa mafunzo. Siku hizi ripoti zinatumwa kwa grupu za WhatsApp, na muhtasari hauna shida, namba tupu hazina jina. Lakini nimeona picha ya ukurasa mzima wa rejista, majina, vijiji, majibu ya vipimo, imetumwa kwa grupu ya watu mia juu mtu alikuwa anauliza kama amejaza sawa. Tuko na sheria ya kulinda data tangu 2019. Na ata bila sheria, hiyo ni shangazi ya mtu.

Na msome grafu mkijua nchi mnayoishi. Mkiona chanjo na kuzalisha hospitalini zimeporomoka katikati ya 2017, hamna ugonjwa wa ajabu uliingia, manesi walikuwa mgomo kuanzia Juni hadi Novemba. Ndio maana nawaomba watu waandike maelezo mafupi chini ya ripoti, ata mstari mmoja: friji iliharibika, daraja lilichukuliwa, vipimo viliisha tarehe 12. Mstari mmoja wa hivyo unaokoa mkutano mzima wa kubahatisha.

Yule sista wa 41 bado tunaongea. Ametundika ile chati ya chanjo ya ukutani, ile ya mistari miwili inayopanda, wa Penta ya kwanza na wa tatu, na anaichora mwenyewe kila mwisho wa mwezi, wa kwanza kwa buluu wa pili kwa nyekundu, na nafasi iliyo katikati ya hiyo mistari anaiita "deni." Mvua za mwaka huu zilipoanza alinipigia tarehe 3, siku mbili kabla ya ripoti, kelele ya bati na mvua hadi nikamwomba arudie.

"Nimesema deni litapanda mwezi huu, bwana rekodi, mto umefunga barabara na kuna vijiji viwili hawawezi kuvuka. Nimeshaandika hapo chini. Nina majina 9. Nyamrerwa ako upande ule ule, nimemsomea kwa simu. Sasa swali langu, hiyo boti ya kaunti inapeleka unga Jumatano, inaweza kubeba kisanduku changu cha chanjo ama nimuulize nani?"

Sikujua anafaa kuuliza nani. Nikaanza kutafuta namba.